Suti ya Chama Hairudi Tupu

Jumanne asubuhi Munyiva alitandika blanketi juu ya meza, akaipuliza pasi ya makaa mpaka majivu yakamwingia puani, kisha akaanza kuipiga pasi sketi ya chama. Ilikuwa sketi ya kijivu ya kufika magotini, na zipu yake ya nyuma ilikwama kila ukiivuta kwa hasira. Koti lake lilikuwa limeshatundikwa mlangoni, kola imesimama wima kama mlevi anayetaka mkewe aamini kwamba hajanywa.

Suti hiyo ilikuwa mali ya Chama cha Wendo, akina mama wa Mumbuni. Vyama vingine hununuliana sufuria na magodoro kwa zamu. Hawa walikaa chini wakaona sufuria wanazo, kazi ndiyo hawana, na kazi mwanamke hapewi bila suti. Basi wakachanga wakanunua moja ya wote pale soko la mitumba, ikawa inatunzwa kwa Mama Ndeti. Anayeitwa mahojiano huichukua. Aliyekonda huibana kwa pini, aliyenenepa hubana pumzi mpaka arudi nyumbani.

Sharti lilikuwa moja, na hakuna aliyeliandika, maana Mkamba haandikiwi jambo kama hilo. Kyondo, kikapu cha mwenzako, hukirudishi kitupu. Ukiazima, siku ya kurudisha unatia chochote, hata kama ni ndizi mbili zilizoiva kupita kiasi. Suti nayo vilevile. Anayeirudisha humtilia anayefuata kitu kidogo mfukoni mwa koti: majani ya chai kwenye karatasi, pipi ya kifua, au sindano iliyotungwa uzi tayari.

Asubuhi hiyo Munyiva aliingiza mkono mfukoni, akakosa kitu. Akaugeuza mfuko nje. Hata pini haikuwamo.

"Nani alivaa hii mwisho?" alimuuliza Lavender, mdogo wake, aliyekuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai.

"Kaluki. Ile intaviu yake ya duka la simiti."

"Na akairudisha tupu?"

"Si walimuuliza kama mzee wake amemruhusu kufanya kazi? Alirudi amefura, akaitupa kwa kiti ya Mama Ndeti, akaenda zake."

"Sasa itaenda ikitafuta," alisema Munyiva.

Lavender alitikisa kichwa kukubali. Kitu kilichorudishwa tupu hutafuta cha kujijaza, hilo halina ubishi. Mama yao aliwahi kurudishiwa kyondo kitupu na jirani, na mpaka Krismasi kilikuwa kimemeza vijiko vyote vya nyumba ile. Lakini suti nyingine ya kuvaa haikuwepo, na mahojiano yalikuwa saa nne.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuendesha lori la maji la kampuni moja pale mjini Machakos. Jina lake tuliache, wenyewe wanalijua. Munyiva alikuwa dereva. Alikuwa ameendesha tipa la kokoto huko Lukenya, akipanda na kushuka miinuko ya kwari, machimbo ya mawe, ambako wanaume wazima huomba dua, mpaka kwari ikafungwa na matajiri wake wakasahau kuaga. Tangu hapo alikuwa akiuza nyanya, na nyanya hazina gia. Dereva wa zamani wa lori la maji alikuwa amestaafu, lori limelala uani, na wanawake wa Mumbuni walikuwa wakishuka bondeni na kupanda na mitungi mgongoni. Kama Munyiva angeipata kazi ile, maji yangepanda mlima yenyewe, na yeye angeshika usukani tena. Aliutamani usukani kuliko alivyowahi kumtamani mwanamume yeyote, na wote alikuwa amewapa nafasi.

Ujumbe wa kampuni uliokuja kwenye simu ulisema waombaji wabebe leseni, na kwamba wanawake wavae mavazi rasmi. Kuhusu wanaume haukusema kitu. Labda wanaume huzaliwa wakiwa rasmi.

Pale getini alikuwepo soja aitwaye Urbanus. Urbanus aliitazama sketi kwanza, kisha uso, kama inavyofanyika. Alipoitazama sketi, pindo lilipanda kidogo. Alipohamia usoni, likashuka.

"Hiyo nguo yako inasikia," alisema.

"Ni ya chama."

"Ah. Pita basi, keti pale kwa benchi."

Kwenye benchi alikuwa amekaa mwombaji mwingine mmoja tu, Nzau, amevaa akala za tairi na fulana inayotangaza mbegu za mahindi. Fulana ilikuwa na tundu kwapani, na kwapa lilikuwa likichungulia nje bila wasiwasi wowote.

"Madam, umekuja ya sekretari?" aliuliza Nzau.

"Ya dereva."

"Sasa na hivyo viatu utakanyaga klachi aje?"

"Vile wewe utakanyaga na hizo akala."

Nzau akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajui kuendesha gari vizuri, na hakuna aliyewahi kulifanya hilo kuwa neno.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Muthoka, mzee wa kanisa, ambaye mikono yake ilikuwa imekunjwa juu ya meza tangu asubuhi. Kulia kwake alikaa Kuria, mkuu wa mambo ya wafanyakazi, kijana wa manukato mengi. Kushoto alikaa Madam Wagaki, meneja wa ofisi, mwanamke aliyeupata wadhifa wake kwa taabu na hakuona kwa nini mwingine aupate kwa raha.

Munyiva alisalimia, akaambiwa aketi. Mzee Muthoka akaitazama sketi. Pindo likaanza kushuka. Lilipita magoti, likapita vifundo, likafunika viatu alivyoazima kwa Lavender, likaendelea kutambaa sakafuni mpaka likagusa mguu wa meza.

"Hii ni ndefu," alisema Kuria. "Hapa ni ofisi, si matanga." Akaitazama na yeye. Pindo likajikusanya kutoka chini ya meza, likapanda bila haraka kama pazia la dirisha, likapita magoti, likaendelea.

"Sasa ni fupi," alisema Mzee Muthoka. "Binti yangu, mimi niko na wasichana nyumbani."

"Mzee, macho hayana pazia," alisema Kuria, na hakuyaondoa ya kwake.

Ikawa zamu ya Madam Wagaki. Aliinamisha miwani, akaitazama sketi ile kama mtu anayechagua maharagwe. Haikupanda wala kushuka. Ilitoa nyuzi. Doa la chai la mahojiano ya miaka iliyopita, ambalo Mama Ndeti alikuwa amelifua mwenyewe kwa limau, lilirudi mahali pake. Zipu ilihama kutoka nyuma ikaja kukaa ubavuni.

"Zipu imekaa upande," alisema Madam Wagaki.

"Naomba niseme kuhusu lori," alisema Munyiva.

"Tutafika," alisema mwenyekiti.

Hawakufika. Walijadili urefu wa sketi, na walipokosa kuelewana wakapiga kura. Mzee Muthoka alitaka ifike kwenye vifundo, Kuria alitaka ikomee juu ya goti, na Madam Wagaki alisema yeye hajali inafika wapi bora mtu awe amejipanga. Sketi ilijaribu kuwatii wote. Upande wa kushoto ulikwenda chini mpaka kifundoni, wa kulia ukapanda mpaka pajani, na nyuma ilizidi kutoa nyuzi. Munyiva alikasirika. Hakuikasirikia sketi, kwa sababu aliiona inahangaika kama yeye, na tena haikuwa na leseni.

Leseni yenyewe ilimponyoka mkononi ikaingia chini ya meza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakusema ainame na sketi gani, mbele ya nani. Munyiva alipiga magoti akaitoa, akaifuta vumbi, akaiweka mezani mbele yao. Ilikaa pale mpaka mwisho. Kuria aliweka kikombe chake juu yake.

Baada ya hapo wakatoka uani kwa jaribio la kuendesha. Munyiva alivua viatu vya kisigino, akavitupia kiti cha utingo, akapanda, akafunga mlango.

Humo ndani hakuna aliyemwona chini ya kifua. Sketi ikatulia papo hapo magotini, kijivu, ya kawaida, zipu nyuma. Munyiva alikanyaga klachi kwa mguu mtupu na chuma kikamjibu. Alifurahi. Hakukuwa na namna nyingine ya kulisema. Alilizungusha lori uani, akalipeleka mpaka getini, kisha akalirudisha kinyumenyume katikati ya mapipa mawili yaliyopangwa na Urbanus, na Urbanus alikuwa ameyapanga karibu kwa ubaya. Hakuyagusa. Alizima injini akakaa kidogo na mikono kwenye usukani, na kwa muda huo mfupi kazi ilikuwa yake.

Kisha ikabidi ashuke.

Mlango wa lori uko juu, na waliokuwa chini ni wengi. Jopo lote lilisimama pale, na makarani walikuwa wametoka kupunga hewa, na mafundi wa mabomba, na Nzau, na Urbanus. Wote wakatazama mahali pamoja. Sketi haikujua imsikilize nani. Ilipanda na kushuka kwa kasi mpaka ikapuliza vumbi la ua likainuka, na mtu mmoja akakohoa. Munyiva aliishika kwa mikono miwili, na mtu aliyeshika sketi kwa mikono miwili hana mkono wa kushika lori. Alianguka kutoka ngazi ya mwisho, akachubuka goti.

"Pole," alisema Kuria.

"Ndiyo maana tunauliza mambo ya mavazi mapema," alisema Madam Wagaki.

Zamu ya Nzau ilipofika, alipanda na akala zake, akaliangusha pipa la kwanza, akalipanda la pili, na wakati wa kusimama akaigonga nguzo ya geti ikainama. Alishuka akijipangusa. Hakuna aliyetazama tundu la kwapani.

"Huyu ana nguvu," alisema Mzee Muthoka.

Nzau akapewa kazi. Munyiva aliambiwa kwamba amejitahidi, isipokuwa mavazi yake hayakutulia. Aliwashika mikono wote watatu kwa adabu kama alivyolelewa, akaichukua leseni yake yenye duara la chai, akaenda nyumbani kwa miguu.

Alipolivua koti alihisi uzito upande mmoja. Akaingiza mkono mfukoni. Mlikuwa na macho sita, bado yana joto.

Alimwita Lavender wakayapanga juu ya blanketi la kupigia pasi. Mawili yalikuwa na umanjano wa uzee na yalikuwa yakitazama juu, kwenye mabati, kama yanayoomba. Hayo ya Mzee Muthoka. Mawili yalikuwa maangavu, na yalijibiringisha kila mara yakatazame ukingo wa meza, chini, penye miguu. Ya nani, hilo halikuwa swali. Mawili ya mwisho yalikuwa yamefinywa, na yalikuwa yameshaona kwamba blanketi lina tundu.

"Angalau haijarudi tupu," alisema Lavender.

"Haijarudi tupu," alisema Munyiva, na akaenda kuosha goti.

Sketi ilining'inia kwenye msumari bila kutikisika. Ilikuwa imepata ilichokitaka.

Jumapili baada ya ibada chama kilikutana kwa Mama Ndeti, mwenyekiti wao, mwanamke mpana wa maneno machache. Munyiva aliirudisha suti imefuliwa, na macho yakiwa kwenye mkebe wa siagi. Kaluki aliutazama mkebe kwa muda mrefu.

"Ni mimi niliirudisha tupu," alisema. "Lakini, mwaitu, mama yetu, ningetia nini? Nilitoka pale bila hata mate."

Hakuna aliyemlaumu. Kila mmoja wao alikuwa ametoka mahali kama pale.

"Tuwapelekee?" aliuliza Lavender.

"Mwenye chake atakuja," alisema Mama Ndeti. "Mkebe uko hapa, chai iko hapa."

Hawakuja. Habari zilizoletwa na Urbanus, ambaye mke wake alikuwa mwanachama, zilisema kwamba wale watatu wanaendelea vizuri. Walifika kazini kila siku kwa mazoea ya miguu. Walitia sahihi bila kusoma, kama zamani. Mzee Muthoka alisoma somo kanisani kwa kichwa, na ni dhambi tu alizoziongeza. Kuria bado aliwasalimu wasichana getini akiwasifia nguo, na mara nyingi alipatia. Kazi haikuchelewa hata kidogo, na makarani wengine hawakugundua lolote mpaka walipoambiwa, na walipoambiwa wakasema ala, kumbe.

Mvua za vuli zilipoanza kunyesha mahali pengine, Nzau aliliingiza lori mtaroni kwenye njia ya Mua. Maji yote yalimwagikia shamba la mjane mmoja, yakazoa maharagwe yake. Kampuni ilikaa ikafikiri, ikampandisha Nzau cheo awe mkaguzi wa madereva. Lori likatengenezwa. Kazi ikatangazwa tena.

Munyiva alipopata habari hizo hakulala mchana wala hakuuza nyanya. Alikaa akihesabu mambo kichwani. Macho yako kwenye mkebe. Mkebe uko kwa Mama Ndeti. Asiye na macho hawezi kuona sketi, na kama haoni sketi itabidi aulize kuhusu lori, maana kitu kingine cha kuuliza hakipo. Hesabu ilikuwa safi.

"Nivae suti ya nini?" alimwambia Lavender. "Naenda na nguo yangu ya kazi."

Akavaa ovaroli yake ya Lukenya, ya bluu, iliyofungwa kutoka tumboni mpaka shingoni, na buti. Alijitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani akajipenda. Njiani alikwenda akipiga mluzi, jambo ambalo mama yake alikuwa amemkataza. Alikuwa na matumaini, mwanamke wa watu.

Jopo lilikuwa limekaa vilevile, mikono ya Mzee Muthoka imekunjwa, kope za wote watatu zimefungwa vizuri kama milango ya duka siku ya Krismasi.

"Karibu," alisema mwenyekiti. "Jina?"

"Munyiva, mzee. Nilikuja ile mara ya kwanza."

"Ehe." Mzee Muthoka akainama mbele, akageuza uso wake upande wa magoti ya Munyiva. "Binti yangu, hiyo sketi bado ni fupi."

"Nimevaa ovaroli, mzee."

"Tumeona," alisema mwenyekiti.

"Mimi naona imekuwa ndefu," alisema Kuria. "Unaficha nini?"

Madam Wagaki aliinamisha miwani yake. Alikuwa bado anaivaa.

"Na hiyo zipu sasa imekuja mbele," alisema.

Munyiva aliitazama zipu. Kweli ilikuwa mbele. Ovaroli ndivyo zilivyo.

Alikaa mpaka mwisho wa kura. Safari hii hakuomba kusema kuhusu lori. Kazi ilipewa Onesmus, kijana wa Wamunyu aliyeacha kuchonga vinyago, ambaye alikiri mwenyewe kwamba hajui kuendesha ila ana nia ya kujifunza. Jopo liliupenda unyenyekevu wake.

Kutoka pale Munyiva hakwenda nyumbani. Alipitia kwa Mama Ndeti, akaomba mkebe, akashuka nao bondeni kwenye bomba la maji. Foleni ilikuwa imeanza alfajiri na ilikuwa bado inazunguka mti. Akina mama wa chama walikuwamo, na wengine wasio wa chama, na bibi mmoja mwenye kamba ya mtungi kipajini tangu ujana wake, mpaka kamba imechimba mfereji pale pa kukaa. Lavender alikuwa karibu na mbele.

"Wamempa nani?" aliuliza.

"Mtu anajifunza."

"Na hiyo umeileta ya nini?"

"Nataka waone kitu kimoja tu," alisema Munyiva. "Hata kama hawatanipa kazi. Waone hii."

Aliuweka mkebe juu ya ukuta wa bomba, akafungua kifuniko, akaulaza ubavu ili macho yaangalie foleni yote: mitungi, migongo, kamba, mlima. Wanawake wakayatazama, wakayazoea, wakaendelea na mazungumzo yao.

Baada ya muda mfupi pindo la mwanamke wa mbele lilipanda kidogo. La nyuma yake likashuka mpaka kwenye matope. La Kaluki likaanza kutoa nyuzi. Sketi zikafuatana hivyo foleni nzima, zikipanda, zikishuka, mpaka kwa yule bibi, na kila mwanamke aliishika yake kwa mkono mmoja, mtungi kwa mkono wa pili, bila kukatiza neno alilokuwa akisema.

"Yanaangalia?" aliuliza Munyiva, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mkebe.

Lavender aliinama akachungulia.

"Yanaangalia."

"Mitungi?"

Lavender akachungulia tena, kwa muda mrefu zaidi, maana alimpenda dada yake.

"Hapana," alisema.

Munyiva akafunika mkebe. Sketi zikatulia, na foleni ikasogea mbele kidogo.